Tundu la mtandao kwenye doki si la laptopu yako

Nikipigiwa simu kwamba mtandao wa waya haushiki kwenye doki, kile kisanduku kinachoiunganisha laptopu na skrini, umeme na mtandao kwa waya mmoja, huwa nauliza kwanza: kadi ya mtandao iko wapi? Wengi hunijibu kwamba iko ndani ya laptopu. Haiko huko. Doki ya USB-C iliyo mezani kwako ina kadi yake yenyewe, chipu ndogo inayozungumza na laptopu kwa USB, na mara nyingi sana chipu hiyo ni Realtek RTL8153. Laptopu inaitambua kama inavyotambua flashi au kipanya, yaani kifaa kilichochomekwa kutoka nje. Baadhi ya doki za Thunderbolt zina chipu ya Intel inayopita njia ya PCIe badala ya USB, ila hata hizo kadi iko ndani ya doki.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu fundi asiyelijua anaweza kumaliza siku nzima bure. Atabadilisha draiva ya kadi isiyohusika, atailaumu ruta, mwishowe ataweka Windows upya. Pakiti zako zinatoka kwenye laptopu, zinapita waya wa USB-C, zinaingia kwenye habu iliyo ndani ya doki, kisha kwenye chipu, ndipo zinafika kwenye kebo ya mtandao. Kila kituo kina ugonjwa wake na dalili zake.

Anza na macho. Je, taa za tundu la mtandao kwenye doki zinawaka? Je, kadi inaonekana kwenye Device Manager ya Windows, au kwenye Linux ukiandika lsusb? Taa zikiwaka lakini kadi haionekani, shida iko kati ya chipu na laptopu: waya wa USB-C, draiva, au doki yenyewe imeganda. Kadi ikionekana lakini taa zimezima, geukia kebo, tundu la ukutani na swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao. Vyote vikiwa sawa lakini anwani ya IP inaanza na 169.254, basi kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Hapo iache doki, kamtazame DHCP, yaani huduma inayogawa anwani za IP, au ulinzi wa swichi.

Doki iliyoganda ni jambo la kawaida sana kwetu Dar. Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai kwa betri, doki inazimika, kisha umeme unarudi kwa kuruka-ruka. Chipu inaamka vibaya na haijibu tena. Kuiwasha upya laptopu hakusaidii, maana aliyeganda si yeye. Chomoa doki kwenye umeme, chomoa na waya wa laptopu, subiri nusu dakika hivi, halafu urudishe umeme kwanza na laptopu baadaye.

Malalamiko ya kasi yanahitaji subira zaidi. Kwanza kebo. Mtandao wa gigabiti 1 unatumia jozi zote 4 za nyaya, lakini ule wa megabiti 100 unatosheka na jozi 2, pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika kwenye pini ya 4, mtandao haufi. Unaweza kushuka hadi megabiti 100, au ukawa unashika na kuachia. Mtumiaji atakwambia "unafanya kazi ila mzito", na atakuwa anasema kweli. Tazama kasi ya kiungo: ukiona megabiti 100 mahali palipokuwa na gigabiti, badilisha kebo kabla ya kugusa kitu kingine. Kile kidole cha plastiki kwenye kichwa cha kebo kikiwa kimevunjika, usikifunge kwa selotepu. Piga kichwa kipya.

Kuna kasi nyingine inayowapotosha hata mafundi wazoefu. Windows inaandika gigabiti 1, kebo nzima, swichi nzima, lakini kunakili faili kubwa kunakwenda kama megabaiti 35 kwa sekunde badala ya 110. Chanzo kiko kwenye waya wa USB-C. Ndani yake mna njia 4 za kasi kubwa, na picha ya skrini nayo inazitaka. Ukiunganisha skrini ya 4K kwa hezi 60, kwenye doki nyingi za miaka ya nyuma picha inachukua njia zote 4. USB inabakiwa na zile nyaya za zamani za USB 2.0, zenye kikomo cha megabiti 480 kwenye karatasi na pungufu ya hapo kwenye matumizi. Kadi bado inaongea gigabiti na swichi, lakini inaishi nyuma ya mlango mwembamba. Kwenye Linux andika lsusb -t. Mbele ya kadi ukiona 480M badala ya 5000M, umempata mhusika. Jaribu kushusha skrini hadi hezi 30 uone, au tafuta kwenye mipangilio ya doki au ya skrini mahali pa kuipa USB kipaumbele.

Mtandao unaokatika baada ya laptopu kutulia kidogo, mara nyingi ni hila ya kubana umeme. Kwenye Device Manager, fungua kadi ya doki, ingia Power Management, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima. Anayetumia Linux na TLP, programu ya kubana umeme, aiweke 0bda:8153 kwenye USB_DENYLIST, baada ya kuhakikisha kwa lsusb kwamba ndiyo namba ya chipu yake, kwani watengenezaji wengine wa doki huweka namba yao.

Kuhusu anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kadi ya mtandao, niseme kwa ufupi. Doki ina anwani yake, laptopu ina yake. Ofisi inayoruhusu mashine kwa MAC inaitambua meza, haimtambui mtu. Anayekaa meza ya mwenzake anaweza kupewa IP ya mwenzake au kufungiwa nje kabisa. Laptopu nyingi za ofisini zina mpangilio kwenye BIOS wa kuiazima doki anwani ya laptopu. Uwashe, lakini doki na laptopu lazima ziwe zinaelewana, na mara nyingi hilo linataka ziwe za mtengenezaji mmoja.

Sasa niende kwenye kisa kilichonifanya niiheshimu chipu hii ndogo. Ofisi moja yenye ghorofa moja, swichi moja ya bei nafuu isiyo na mipangilio yoyote. Jioni, baada ya saa 11, mtandao wa waya unakufa ghorofa nzima. Si intaneti peke yake, hata printa na seva ya mafaili iliyo chumba cha pili. Dada wa uhasibu, aliyekuwa akibaki kufunga mahesabu, aliniambia, "Fundi, asubuhi tunaukuta umepona wenyewe." Nilikwenda mchana mara mbili, sikuona kitu. Mara ya tatu nikaenda jioni, nikakaa mbele ya kabati la swichi nikisubiri.

Ulipokufa, taa zote zilibaki zimewaka. Nikaanza kuchomoa kebo moja baada ya nyingine, nikimwomba dada ajaribu printa kila mara. Kwenye kebo ya kumi na kitu, ghorofa nzima ikafufuka. Niliifuata kebo hiyo hadi mezani, nikakuta doki imewashwa na laptopu haipo. Mwenyewe alikuwa amekwenda nayo nyumbani.

Niliichukua kebo ya doki nikaichomeka kwenye laptopu yangu yenye kadi ya ndani ya Intel, nikaandika ethtool -S, amri ya Linux inayoonyesha hesabu za kadi. Kaunta ya rx_flow_control_xoff ilikuwa inapanda kwa kasi. Doki ilikuwa inapiga kelele: subirini, subirini, subirini.

Hizo ni fremu za kusitisha, zilizoingia kwenye kiwango cha IEEE 802.3x mwaka 1997. Lengo lake ni jema. Kifaa kikizidiwa, kinamwomba jirani yake anyamaze kidogo. Fremu moja inaweza kuomba vipindi hadi 65,535, kila kipindi sawa na muda wa biti 512. Kwenye gigabiti 1 hiyo ni kama milisekunde 33.5. Maana yake fremu 30 tu kwa sekunde zinatosha kulifunga tundu la swichi moja kwa moja. Chipu iliyoachwa bila laptopu bado inapokea matangazo ya mtandao, yaani pakiti zinazotumwa kwa vifaa vyote, kutoka kwenye swichi; bafa yake, ile kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi data kwa muda, inajaa, hakuna wa kuimwaga, basi inaomba kusitishwa bila kikomo. Swichi inaanza kulimbikiza matangazo yaliyokuwa yaende kwenye tundu lile. Bafa ya swichi ni ya wote, nayo ikijaa, swichi inawaomba wengine wote wasubiri. Hivyo meza moja tupu inaifunga ghorofa. Asubuhi mwenye laptopu anaichomeka, bafa inamwagwa, na kila mtu anaona mtandao umepona.

Tulifanya mambo mawili. Tuliiwekea doki femwea mpya, yaani programu ya ndani ya kifaa, kutoka kwa mtengenezaji, na ofisi ikanunua swichi yenye mipangilio, tukazima flow control, yaani huo utaratibu wa kuombana kusubiri, kwenye matundu yote ya mezani. Unaweza kuizima kwenye draiva pia, lakini mimi siutegemei mpangilio huo kwa tatizo hili, kwa sababu unakaa kwenye laptopu, na laptopu ndiyo inayoondoka. Ambaye swichi yake haina mipangilio na femwea mpya hajaipata, awaombe watu wachomoe kebo ya mtandao kwenye doki kila wanapoondoka na laptopu, na abandike karatasi pale mezani inayosema hivyo.