"Kwani Si Udongo Tu?" Uongo Ninaosikia Kila Siku Kuhusu Njia za Mbio za Udongo

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mtu mwenye eneo ambalo zamani lilikuwa na njia ya mbio za magari. Anataka kuifufua. Tukaongea vizuri tu mpaka nilipomuuliza udongo wa pale ukoje. Akacheka. "Fundi, kwani si udongo tu? Tunaleta greda, linapita siku moja, kazi imekwisha."

Nikanyamaza. Huyo ni wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayohayo, na wote wanne walikuwa na hadithi moja nyuma yake: kwamba hapo kale watu walikimbizana vumbini kwa sababu hawakuwa na lami, pesa zilipopatikana wakaweka lami, na njia za udongo zilizobaki ni zile zilizokosa bahati. Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kutunza njia hizo. Acha niandike, ili wa tano akipiga nimtumie maandishi, nisipandwe na presha bure.

"Njia ya udongo ni njia ya lami iliyokosa pesa"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mbio za kwanza za magari kwenye njia ya mzunguko nchini Marekani zilifanyika Septemba 1896, Narragansett Park, mjini Cranston, jimbo la Rhode Island, wakati wa maonyesho ya kilimo ya jimbo hilo. Njia ile haikutengenezwa kwa ajili ya magari. Ilikuwa ya farasi wanaokokota vigari, maili moja kuzunguka, na ilishatunzwa miaka mingi kabla ya tairi la kwanza kuikanyaga. (Gari lililoshinda, kwa wanaodhani umeme ni mambo ya juzi, lilikuwa la umeme, la kampuni ya Riker.) Njia ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin, ilianza vivyo hivyo Septemba 1903: njia ya farasi ya karne ya 19, magari yakakaribishwa. Na miezi mitatu kabla ya hapo, Juni 20, dereva Barney Oldfield alikuwa ameingia na gari la mbio la Ford 999 kwenye uwanja wa maonyesho wa Indianapolis akamaliza maili moja ya mzunguko kwa sekunde 59.6. Kabla yake hakuna aliyeshuka chini ya dakika moja kwenye njia ya mzunguko.

Hiyo ni kasi ya kilomita 97 kwa saa, kwa matairi membamba ya enzi hizo, juu ya udongo. Udongo wa shambani haubebi kasi hiyo. Huu uliibeba kwa sababu watu wa farasi walishajua kazi. Farasi akikimbia kwenye ardhi ngumu, miguu inaharibika. Ikiwa laini mno, anachoka kabla ya kufika. Kwa hiyo watunza njia walikuwa wakikwatua tabaka la juu, wakisawazisha na kumwagilia, siku baada ya siku. Magari yalirithi mikono ya watu hao, nao hawatajwi popote.

Sasa hiyo ngano ya "udongo kwanza, lami baadaye". Brooklands kule Uingereza ilifunguliwa mwaka 1907, na ilikuwa ya zege. Indianapolis Motor Speedway ilifunguliwa 1909 ikiwa na mawe yaliyopondwa na kumwagiwa lami; mbio za magari za Agosti mwaka huo ziliichana sakafu vipandevipande, wakafa watu 5 ndani ya siku tatu, na kabla ya mwaka kwisha wenyewe walishatandika matofali milioni 3.2 juu yake. Kuanzia 1910 wenye pesa wakahamia kwenye njia za mbao. Ya kwanza ilijengwa Playa del Rey, karibu na Los Angeles, na baada yake zikaja nyingine nyingi, kona zake zimeinuka utadhani ukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya wakati ule, wala si lami. Mvua na jua vikazila. Nyingi zilioza baada ya miaka michache tu, na miaka ya 1930 ilipoanza mchezo wa mbao ulikuwa umekwisha. Njia za udongo zilikuwepo kabla ya mbao, zikazizika mbao, zikaendelea na mbio zao.

Katikati ya hayo yote, mwaka 1926, wapenzi wa mbio wa Philadelphia walijenga njia ya Langhorne, jimbo la Pennsylvania. Hesabu mwenyewe: ni miaka 19 baada ya zege ya Brooklands. Hawakurithi njia ya farasi, walianza upya, nao wakachagua udongo. Maili moja, mviringo kama sahani, bila sehemu hata moja iliyonyooka. Dereva anakata kona tangu bendera ya kwanza hadi ya mwisho, mikono haipumziki. Kipande kimoja kilikuwa kikichimbika vibaya hata madereva wakakiita Puke Hollow, yaani bonde la kutapikia. Waliotoka pale wazima walijisifu maisha yao yote. Njia hiyo ilibaki ya udongo mpaka 1965, ndipo wakaiwekea lami, na 1971 ikafungwa. Udongo miaka 39, lami miaka 6. Sisemi lami ndiyo iliyoiua. Ardhi ilishapanda thamani, wajenzi wa maduka wakaitaka. Lakini mtu asiniambie lami iliikomboa.

Haya, udongo wenyewe. Chota konzi moja, ulowanishe kidogo, ukande, halafu uviringishe kati ya viganja upate kamba nyembamba ya unene wa penseli. Ikikatika kabla haijafika urefu wa kidole, una mchanga mwingi mno. Ikiendelea kurefuka na kung'ang'ania ngozi, una mfinyanzi mwingi, na mvua ikinyesha hapo hatoki mtu. Unachotafuta ni kamba inayoshikana lakini ukiisugua unasikia chembechembe. Mfinyanzi unafunga na kutunza maji. Mchanga unampa tairi kitu cha kuuma.

Jioni ya mbio ikianza, unyevu bado upo na magari yanashika kokote. Kila raundi inakausha kidogo na kusugua kidogo. Baada ya saa moja au mbili, sehemu ya ndani ya kona inakuwa nyeusi, inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hapo mshiko umekwisha. Wakati huohuo udongo uliolegea umerushwa nje na kujenga tuta dogo kwenye ukingo wa juu. Dereva mwenye akili anahamia huko, anaegemeza tairi la nyuma kwenye tuta, anaondoka. Asiye na akili anabaki chini akilaumu matairi. Njia imebadilika mara tatu ndani ya jioni moja, na mtunza njia alishapanga hayo yote tangu jana yake, kwa maji.

Niliwahi kuitwa kwa mwenye uwanja aliyeamini hii ya "udongo tu". Alikuwa amemwaga mchanga wa mto, malori kwa malori, kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu na mweupe, unapendeza kwenye picha. Siku ya ufunguzi, raundi ya tatu, watazamaji walikuwa wanasikia magari bila kuyaona. Nilipochota konzi yangu ilipita katikati ya vidole kama sukari. Kuuondoa mchanga ule kuligharimu zaidi ya kuuleta, na bado tukaanza kutafuta mfinyanzi upya.

Ushauri wangu, ambao nimeurudia mpaka mke wangu anaujua: mwagilia usiku wa kuamkia mbio, si asubuhi yake. Kidogo kidogo, mara nyingi, boza likitembea taratibu, maji yapate muda wa kushuka kama sentimita kumi. Boza linalopita mara moja na kufungulia koki zote linatengeneza utelezi juu na jangwa chini. Ukitaka kujua kama yameshuka, usitazame kwa macho. Chomeka bisibisi.

"Njia hizi zilianzishwa na wauza gongo"

Hii watu wanaipenda kwa sababu ina polisi na kufukuzana. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilianza kutekelezwa 1920. Oldfield alikuwa ameshaivunja rekodi yake miaka 17 nyuma, mchana kweupe, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo, mahali ambapo familia zilikwenda kutazama ng'ombe na maboga. Kusini mwa Marekani ni kweli wasafirishaji wa pombe haramu waliingia mchezoni, tena kwa nguvu, ila waliikuta njia ipo.

Ushahidi mzuri wa pande zote mbili ni mbio za Juni 19, 1949, Charlotte, North Carolina. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza, akiwaacha wenzake raundi tatu. Wakaguzi wakainama chini ya Ford yake, wakakuta springi za nyuma zimefungwa kwa namna ya magari ya kubebea gongo, ili gari lisilale likiwa na mzigo. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyekuwa na Lincoln.

"NASCAR ilizaliwa kwenye lami"

Hayo mashindano niliyoyataja hapo juu ndiyo yalikuwa ya kwanza kabisa ya daraja la juu la NASCAR, shirika kubwa la mbio za magari Marekani. Njia ilikuwa ya udongo, robo tatu ya maili. Daraja hilo liliendelea kukimbia kwenye udongo hadi Septemba 30, 1970, kule Raleigh, Richard Petty aliposhinda mbio za mwisho. Halafu mwaka 2021 wakabeba udongo kwa malori wakaumwaga juu ya zege ya uwanja wa Bristol, jimbo la Tennessee. Yaani walikuwa na uwanja wa zege, mzima, hauna tatizo, wakaufunika kwa udongo kwa makusudi. Yule bwana wa simu nilipomwambia hili alidhani namtania.

"Wanazunguka kwa kushoto kwa sababu usukani uko kushoto"

Farasi wa Marekani walikuwa wakizunguka kwa kushoto kabla ya gari kuwepo, na farasi hana usukani. Wanasimulia kwamba William Whitley wa Kentucky, mwishoni mwa karne ya 18, alitengeneza njia ya mfinyanzi badala ya majani na akawazungusha farasi kinyume na Waingereza ili kuwaudhi tu. Kama alitaka kuwaudhi au la, magari yalikuta mwelekeo umeshapangwa.

"Gari likienda ubavu limemshinda dereva"

Halijamshinda. Anakunja usukani upande wa pili na kukanyaga mafuta ili matairi ya nyuma yasukume gari kuzunguka kona, kwa sababu kwenye udongo matairi ya mbele peke yake hayatoshi kuligeuza. Waendesha pikipiki za spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye njia fupi ya mzunguko ya udongo, hufanya hivyohivyo, na pikipiki zao hazina breki kabisa. Na mkiwa hapo, acheni kusema spidiwei ilivumbuliwa na Johnnie Hoskins usiku mmoja, West Maitland, Australia, Desemba 15, 1923. Usiku ule ulikuwepo na ulikuwa mkubwa, lakini pikipiki zilishakimbizwa kwenye udongo Marekani na Australia kabla yake. Hoskins alikuwa mwandaaji wa mbio aliyejua kujitangaza, na ajuaye kujitangaza hukumbukwa kuliko waliotangulia. Uingereza ikaja kuambukizwa kwa kishindo Februari 1928, High Beech.

"Vumbi dawa yake ni oili chafu"

Namalizia na hii kwa sababu ni ya hatari, na kwa sababu ina chembe ya historia ndani yake. Ni kweli njia nyingi za zamani zilimwagiwa oili. Langhorne ilisifika kwa hilo. Madereva walikuwa wakitoka weusi tii, weupe umebaki palipokuwa na miwani. Wazee wanaokuambia "sisi tulimwaga oili" hawadanganyi.

Ila mwaka 1971 huko Missouri viwanja vya farasi vilinyunyiziwa oili chafu ili kutuliza vumbi, na oili ile ilikuwa imechanganywa na taka za kiwandani zenye dioksini, sumu kali. Ndege walianza kudondoka, farasi wakafa. Oili ya aina hiyo ilimwagwa pia kwenye barabara za vumbi za mji mdogo wa Times Beach, na mwaka 1983 serikali ikatangaza kuununua mji mzima ili watu wahame. Leo hakuna mji pale. Hujui oili ya gereji imepita wapi na imechanganywa na nini, na ikishaingia ardhini hakuna greda la kuitoa.

Kama maji peke yake hayatoshi, kuna kalsiamu kloridi. Ni chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani na kuufunga kwenye udongo. Inakula chuma, kwa hiyo osheni magari baada ya mbio, chini kabisa, si bodi tu.

Yule bwana, kabla hajakata simu, aliniuliza kama gereji ya jirani yake ikimpa madumu ishirini ya oili bure ayachukue. Nikamwambia aachane na madumu, anitumie konzi moja ya udongo kwenye mfuko wa nailoni. Bado nasubiri.