Mama Mkuu wa shirika la masista haamui peke yake

Hapa Moshi, mzazi akikosa nafasi ya mtoto katika shule ya masista, au jirani akitaka kuuziwa kipande cha shamba lao, utamsikia: "Ngoja nimwone Mama Mkuu, yeye akisema yamekwisha." Kazi yangu ni kuyashauri mashirika ya watawa kuhusu Sheria ya Kanisa, na dhana hiyo naikuta hata kwa wanaosali misa ya alfajiri kila siku. Inaniumiza, maana mama wa watu amefungwa mikono na sheria, sisi tunasema ana roho mbaya.

Kwanza, hateuliwi na askofu. Anachaguliwa kwa kura ya siri katika mkutano mkuu wa shirika. Shirika likiwa la kijimbo, yaani lililo chini ya askofu wa jimbo badala ya Roma moja kwa moja, askofu wa mahali yalipo makao makuu husimamia uchaguzi huo. Muda wake umeandikwa kwenye katiba ya shirika. Ukiisha, anaweza kutumwa chekechea au zahanati, chini ya mkuu wa nyumba ambaye jana yeye ndiye aliyekuwa akimtuma. Naupenda sana utaratibu huu.

Sasa ardhi. Kanuni ya 638 ya Sheria ya Kanisa inadai kibali cha maandishi cha mkuu husika pamoja na ridhaa ya baraza lake, yaani washauri wake, la sivyo mauzo ni batili mbele ya Kanisa. Shirika la kijimbo linahitaji pia ridhaa ya maandishi ya askofu, na thamani ikivuka kiwango kilichowekwa kwa eneo husika, suala linapelekwa Roma. Kwa hiyo jirani anayesubiri jibu miezi na miezi hajadharauliwa.

Hata kumwondoa sista aliyeweka nadhiri hawezi peke yake. Kanuni ya 699 inataka akae na washauri wasiopungua 4, wapige kura ya siri. Kura yake ni moja.

Lakini kanuni ambayo ningependa kila binti anayeingia utawani aijue, na wazazi wake pia, ni ya 630. Mkuu amekatazwa kumshawishi sista kwa namna yoyote amfunulie dhamiri yake. Sista akitaka mwenyewe kumweleza yaliyo moyoni, ni vizuri, na sheria inatia moyo uaminifu wa namna hiyo. Kumbana, kumvizia, kumnyima kazi mpaka aseme, hapana. Utii alioahidi mbele ya altare hauhusu chumba hicho cha ndani, na mkuu anayeuheshimu mpaka huo ndiye masista humkimbilia wenyewe.

Abesi ni jambo jingine kidogo: ni mama anayeongoza monasteri, yaani nyumba ya watawa, inayojitegemea, akipewa baraka maalumu, ambayo si daraja takatifu. Klara wa Asizi, mtakatifu wa Italia, alikuwa abesi, na kanuni ya maisha aliyoandika ilithibitishwa na Papa mwaka 1253, siku 2 kabla hajafa. Humo aliagiza abesi awaite dada zake wote mara moja kwa juma washauriane, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora.

Mashirika mengi tunayoyaona Kilimanjaro hayana abesi; ni ya kitume, yaani ya masista wanaohudumia watu mashuleni na zahanati, kama Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro. Ukiwa na shida nao, andika barua kwa uongozi wa shirika, eleza unachoomba, weka namba yako ya simu. Baraza likikaa, itasomwa.