Mawimbi ya mvutano hayaleti bamvua

Kwetu Tanga, ukitaja mawimbi ya mvutano, watu huelekea baharini moja kwa moja. Nimesikia Ngamiani ikielezwa kwamba ndiyo yanayoleta bamvua. Siyo. Bamvua na maji mafu ni kazi ya mwezi na jua kuivuta bahari, na mvuvi wa Raskazone huzisoma siku hizo kwa kuutazama mwezi tu. Mawimbi ya mvutano ni mtikisiko wa anga na wakati wenyewe, na husafiri kwa kasi ya mwanga. Yalinaswa kwa mara ya kwanza Marekani, tarehe 14 Septemba 2015, yakitoka kwenye mashimo meusi mawili, vitu vizito mno ambavyo hata mwanga hauponyoki, yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mtambo ulioyanasa, wenye mikono ya kilomita 4, ulitikisika kwa kiasi kisichofika hata upana wa protoni moja, chembe iliyo ndani kabisa ya atomu. Bahari haiwezi kuyahisi.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi, hata kwa wasomi, ni kwamba mtambo mpya wa kuyanasa, LISA, unapelekwa angani ili uyakwepe mawingu. Hilo ni tatizo la darubini za mwanga. Mawimbi haya hupenya mawingu, miamba, hata dunia nzima. Kinachokimbiwa ni ardhi, kwa sababu haitulii: lori la saruji likipita inatetemeka, na bahari ikichafuka mtetemo wake hufika mbali sana bara. Mashimo meusi yenye uzito wa mamilioni ya jua hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka polepole mno, moja laweza kuchukua dakika nyingi kupita, na hapa chini humezwa na mitetemo hiyo.

Ndiyo maana Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha LISA Januari 2024: vyombo vitatu vitakavyoifuata dunia kulizunguka jua, kila kimoja kilomita milioni 2.5 kutoka kwa mwenzake. Ninachokistaajabia ni kilichomo ndani ya kila chombo. Vipande viwili vya dhahabu na platinamu, kila upande milimita 46, vinaelea bila kuguswa na chochote, na chombo ndicho kinachojisogeza ili kisivikwaruze. Leza hupima umbali kati ya vipande vya chombo hiki na kile. Mbinu hiyo ya kuelea ilijaribiwa angani kwa LISA Pathfinder, iliyorushwa Desemba 2015, na ikafaulu kupita matarajio.

Picha zinazosambazwa mitandaoni kwamba LISA “imezipiga” ni za kuchorwa. Urushaji umepangwa 2035, na hata hapo haitapiga picha: italeta mstari unaopanda na kushuka, ambao wataalamu watautumia kukokotoa uzito wa mashimo hayo na umbali wake.