Yakuti samawi ni nini, na kwa nini tanzanaiti siyo safaya

Jamani naomba leo niliongelee hili manake nimelisikia mara nyingi mno. Juzi kwenye sherehe ya kuvishana pete ya ndugu yetu mmoja, bwana harusi mtarajiwa kapewa maiki akasema jiwe la pete ni safaya ya Mererani, watu wakapiga vigelegele na mimi nikapiga, ila moyoni najisemea Mererani pale wanachimba tanzanaiti. Wiki hiyohiyo nakuta mtu anauza safaya ya njano, mwingine kamjibu kwamba safaya ni bluu tu, hiyo ya njano feki. Ukiwaangalia hawa wawili kosa lao ni moja, wote wanadhani safaya ni jina la rangi.

Safaya ni madini ya korandamu, yani alumini na oksijeni zilizoshikana zikawa fuwele. Ikiwa safi kabisa haina rangi, ikiingiwa na chuma na titani kidogo sana inakuwa bluu, ikiingiwa na kromi inakuwa nyekundu na hiyo nyekundu ndo rubi. Ugumu wake ni 9 kwenye skeli ya Mohs, ile ya kupimia ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, juu yake kuna almasi tu. Rangi nyingine zote za korandamu ukitoa ile nyekundu ni safaya, na wala hatuhitaji kwenda mbali kuziona, Umba kule Tanga zinatoka za kila aina, kijani, njano, zambarau, na Tunduru tangu miaka ya 1990 watu wanachimba za bluu, za pinki, za njano kwenye mchanga wa mito.

Sasa kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilishalimaliza hili zamani. Sisi tuna neno yakuti. Kamusi nyingi zitakwambia yakuti ni jiwe jekundu, na ukitaka lile la bluu unasema yakuti samawi, yani yakuti ya rangi ya mbingu. Angalia vizuri hapo: jiwe ni lilelile, rangi imeongezwa nyuma yake. Wataalamu wa Ulaya walikuja kuhakikisha kwamba rubi na safaya ni madini ya aina moja miaka kama 200 hivi iliyopita, ila wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliokuwa wanatoa mawe Sarandibu, ndo hiyo Sri Lanka ya leo, walikuwa wanasema yakuti nyekundu, yakuti ya njano, yakuti ya bluu muda mrefu kabla, manake waliyashika wakaona ugumu ni mmoja na uzito ni mmoja. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alipokuwa analinganisha uzito wa vito vyenye ujazo sawa aliichukua yakuti ya bluu ndo iwe kipimo, akaipa 100, mawe mengine yote yakahesabiwa kutokea hapo. Huyo alijua anachokishika mkononi.

Yakuti imetujia kwa Kiarabu, waislamu wanaisikia kwenye Surat Ar-Rahman, yakuti na marijani. Waarabu nao limewafikia kutoka kwenye neno la Kigiriki hyakinthos, na wengi wanaofuatilia mambo haya wanaona jiwe la bluu ambalo Wagiriki na Warumi waliliita hivyo huenda ndo safaya yetu hii. Na safaya je? Hilo linatoka kwenye sappheiros ya Kigiriki, ambayo zamani haikuwa safaya kabisa, ilikuwa lapis lazuli, lile jiwe la bluu lisilopitisha mwanga la Badakhshan huko Afghanistan. Tunajua kwa sababu waandishi wa kale akina Pliny, yule Mrumi, wanalisimulia kuwa na madoa ya dhahabu, na hayo madoa ni ya lapis, safaya haina. Kwa hiyo hata mkristo akisoma kwenye Kutoka 24 ile sakafu ya yakuti samawi chini ya miguu ya Mungu, jiwe aliloliwaza mwandishi wa kwanza inaelekea ni lapis. Yani jina safaya lilianza kwa kukosewa, likahamishwa kutoka jiwe moja la bluu kwenda jingine kwa kufuata rangi, na sisi leo tunarudia kosa lilelile kwa tanzanaiti.

Tanzanaiti ni zoisaiti, madini mengine kabisa, ilianza kujulikana 1967 na jina ilipewa na Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, 1968. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Ni nyepesi pia, kwa hiyo kareti moja ya tanzanaiti (kareti ya jiwe ni gramu 0.2, usichanganye na kareti ya dhahabu) inaonekana kubwa kuliko kareti moja ya safaya. Ukiizungusha utaona bluu inageuka zambarau waziwazi. Safaya nayo inabadilika, ila kidogo, bluu kuelekea kijani.

Ndo maana mtu akikuletea jiwe la bluu swali la kwanza ni je, hii ni yakuti? Rangi inafuata baadaye, na hapo sasa ndo inabeba bei: bluu iliyokolea bila kuingia weusi, iangalie juani halafu chini ya taa ya ndani manake kuna zinazopendeza dukani zikifika nyumbani zimekuwa kama wino. Igeuze tumbo juu kwenye karatasi nyeupe uone kama bluu imesambaa au imekaa kona moja. Iangalie kutoka juu, ukiona vidole vyako katikati ya jiwe ujue aliyekata alikuwa anaokoa uzito. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 tafuta vile vinyuzi vyembamba kama hariri, vikiwa vizima ni dalili nzuri kwamba jiwe halijachomwa moto mkali. Nyingi zimechomwa na siyo dhambi, mradi useme, ila isiyochomwa bei inapanda sana. Ukiona mistari iliyopinda na viputo ni ya kiwandani, hizo nazo ni korandamu halisi, mkemia Verneuil wa Ufaransa alitangaza njia ya kuzitengeneza 1902, kwa hiyo ugumu peke yake hautakusaidia hapo, jiwe la bei kubwa lipeleke maabara upate cheti.

Na wewe bwana harusi wetu, pete yako ni nzuri na hujaibiwa, tanzanaiti ni jiwe la thamani na linatoka kwetu. Mwambie tu mchumba ni tanzanaiti, aivue akiwa anafua au anasugua sufuria, na sonara asiisafishe kwa ile mashine ya mtetemo, manake inaweza kupasuka. Akidhani ni yakuti ataivaa kama yakuti.