Kwa nini kijana hushindwa kuiweka simu chini?

Kijana anashika simu aangalie saa. Dakika 20 baadaye bado anaperuzi video, na ukimuuliza ni saa ngapi, hajui. Wengi wetu huwa wepesi kumwita mvivu au mkaidi. Binafsi naona tunamwonea.

Mwaka 2014 mtafiti Daniel Kardefelt-Winther alitoa hoja kwamba anayezama mtandaoni kupita kiasi mara nyingi anatafuta nafuu ya jambo linalomsumbua maishani. Chukua kijana mwenye mtihani kesho. Amefungua daftari, haelewi, roho inamdunda. Anafungua simu na hofu inapoa papo hapo. Akiizima, hofu inarudi na nguvu zaidi, maana sasa muda umekwenda na hajasoma kitu. Afanye nini? Anaifungua tena. Mzunguko huo huo humnasa mpweke, mwenye huzuni, hata aliyechoka tu kukaa bila shughuli.

Simu nayo haikutengenezwa imwachie kirahisi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aligundua kwamba njiwa aliyepewa chakula kwa kubahatisha, bila kujua ni donoo lipi litakalomletea, aliendelea kudonoa kwa bidii na kwa muda mrefu. Ujumbe, video nzuri na alama za kupendwa huja vivyo hivyo: sasa hakuna, sasa ipo. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, na mwisho huo ulimpa mtu nafasi ya kujiuliza kama aendelee. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia.

Ipo pia hofu ya kupitwa na yale wenzake wanayofurahia. Andrew Przybylski na wenzake waliipima mwaka 2013, wakakuta inawabana zaidi vijana, hasa wasioridhika na maisha yao au wanaojiona hawana wa karibu. Na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Je, huu ni uraibu? Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa michezo ya kielektroniki, lakini halijauweka uraibu wa simu kwenye orodha yake ya magonjwa. Hata hivyo tatizo si dogo: uchambuzi wa tafiti 41 uliofanywa King's College London mwaka 2019 ulikadiria kuwa takriban kijana 1 kati ya 4 anatumia simu kwa namna inayofanana na uraibu, na matumizi hayo huandamana na wasiwasi, sonona na usingizi mbovu. Kipi kinaanza, simu au huzuni, tafiti hizo hazikuweza kuamua.

Kuzima arifa na kulaza simu chumba kingine husaidia pale tatizo likiwa mazoea. Kwa anayekimbia jambo, kumnyang'anya simu kunamwacha na jambo lile lile, bila pa kukimbilia. Huyo aulizwe kwanza alikuwa anajisikiaje kabla hajaishika.