Medigap: bei kubwa si kinga kubwa
Wastaafu wengi Marekani huamini kwamba kampuni inayotoza zaidi kwa Medigap, bima ya nyongeza juu ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), hulipia matibabu mengi zaidi. Sivyo. Bima hizi zimepangwa kisheria kwa herufi: Plan G ya kampuni hii inalipia gharama zilezile za matibabu kama Plan G ya kampuni ile. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina utaratibu wao.) Chagua herufi kwanza, ndipo ulinganishe bei, na uulize itapandaje umri ukisonga.

Wanaoniuma zaidi ni wanaochelewa. Una miezi 6 tu ya kununua Medigap bila kukataliwa, tangu Part B (sehemu ya Medicare inayolipia huduma za madaktari) ianze, ukiwa umetimiza miaka 65. Ikipita, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukukataa kwa sababu ya kisukari au ugonjwa wa moyo.