Mpunga mwitu hauji na mbegu tu: chimba uone

Mama mmoja mkulima wa bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, aliniita jarubani kwake wakati wa palizi. "Bwana shamba, mbegu nilinunua mpya dukani, lakini nusu ya jaruba ni mpunga mwitu. Waliniuzia mchanganyiko."

Nilimwomba jembe. Nikachimba taratibu kando ya shina moja, na chini kidogo tu ya tope tukakuta alichokuwa hajakiona miaka yote: shina jeupe limelala chini ya ardhi, lina vifundo kama muwa mdogo, na kila kifundo kina jicho. Tukalifuata kwa vidole, likapita chini ya mche wa mpunga wake na kuibukia upande wa pili. "Mama, hili halikutoka dukani. Hili lilikuwa humu kabla hujamwaga mbegu."

Ndivyo gugu hili linavyoishi. Kitaalamu huitwa Oryza longistaminata, ni ndugu wa damu wa mpunga tunaoula na ni mzaliwa wa Afrika. Mpunga wetu tunaulima kwa msimu mmoja. Huu mwitu hudumu miaka. Kiangazi majani yake hukauka, moto wa nyasi hupita juu, watu wakadhani umekwisha, kumbe yale mashina ya chini yanangoja mvua. Maji mengi nayo hayauui, maana kwao ni mabwawani na kwenye mabonde ya mafuriko.

Mbegu zake si nyingi, kwa sababu ua lake halijichavushi vizuri lenyewe. Kwa hiyo mbegu safi, ingawa naihimiza siku zote, haimalizi tatizo hili. Ipo mipunga mwitu mingine, ya msimu mmoja, ambayo huenea kwa punje. Usiichanganye na huu. Kipimo ninachokiamini ni kung'oa. Mche ukitoka na mizizi tupu ya nyuzinyuzi, huenda ni mpunga wako. Ukitoka na shina jeupe linalolala, hakuna ubishi. Ukisubiri masuke yenye sharubu ndefu, umechelewa, na punje hupukutika kabla hujafika na mundu.

Sasa kosa linaloniuma. Mvua ikishanyesha, tunaingiza pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, kwenye tope na kuvuruga. Meno yake hukata yale mashina vipande vipande, na kipande chenye jicho kikitua kwenye tope laini huchipua. Tunadhani tunalima, kumbe tunapanda mpunga mwitu kwa mashine. Ardhi hiyohiyo ikitifuliwa kwa kina mwezi wa Agosti, ikiwa kavu, vipande hubaki juu na jua la kiangazi huvikausha hadi vifie palepale.

Kwa nini hatufanyi hivyo? Kwa sababu ya korosho. Huku Mtwara na Lindi, Juni hadi Agosti watu wako mikoroshoni wanapulizia salfa, dawa ya ukungu, kisha kuokota kunaanza, na nguvu za nyumba nzima ziko huko. Bondeni tunarudi mvua ikishafika. Simlaumu mkulima, korosho ndiyo ada ya shule. Ila kama una majaruba manne, tifua moja kila kiangazi.

Dawa za magugu ya majani mapana haziligusi, kwa kuwa lenyewe ni jamii ya nyasi. Glaifoseti huliua hadi chini likiwa na majani mabichi, lakini huua na mpunga vilevile, basi ni kabla ya kupanda tu, tena mbali na maji ya mfereji. Na pandikiza kwa mistari: kinachoota katikati ya mistari unakijua si chako.

Hata hivyo siwezi kulitukana gugu hili. Kutoka kwenye mmea mmoja wake uliochukuliwa Mali, watafiti walipata jeni ya Xa21 inayoukinga mpunga na bakteria wa ugonjwa wa baka la majani, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa imetambuliwa. Nchini China, kwenye jimbo la Yunnan, watafiti waliuzalisha mpunga mwitu huu pamoja na mpunga wa Thailand wakapata PR23, mpunga wa kudumu uliotolewa kwa wakulima mwaka 2018. Ukipandwa mara moja, umevunwa mara nane katika miaka minne. Uwezo wake wa kuchipua upya baada ya kuvunwa umerithiwa kutoka kwa gugu hilihili nililomwonyesha yule mama.

Yeye alitifua jaruba moja Agosti iliyofuata, akakusanya mashina kwenye tuta, akayaacha yakauke, akayachoma. Msimu uliofuata palizi ya jaruba lile ilimchukua siku mbili badala ya wiki. Lakini upande unaopakana na mfereji mpunga mwitu ulirudi, kwa kuwa ukingo wa mfereji ni wa wote na hakuna aliyeuchimba. Nimeiomba kamati ya wakulima itenge siku moja ya Agosti kwa ajili ya kingo, kabla korosho hazijaanza kudondoka.